Kangaja wa Basi la Usiku

Basi la Mombasa liliingia Nairobi saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, na utingo akashusha kasha jeupe la povu gumu lililozungushiwa utepe. Juu ya mfuniko palikuwa na maandishi ya mkono: SAMAKI HAI, USIPINDUE. Mwandishi wa makala haya alilipakata kasha hilo ndani ya teksi hadi nyumbani kwake South B, akimsihi dereva apunguze mwendo kwenye kila tuta. Ndani mlikuwa na mifuko mitatu ya nailoni iliyovimba kwa hewa. Miwili ilikuwa na samaki wadogo wenye mikanda myeupe, wale wanaoishi katikati ya minyiri ya anemoni. Wa tatu ulikuwa na kangaja wa buluu: uso mweusi, kidevu cheupe, pezi la mgongoni la manjano kama embe lililoiva. Saa nne asubuhi kangaja huyo alikuwa amelala ubavu ndani ya ndoo, matamvua yakipanuka na kusinyaa mbiombio. Adhuhuri haikumkuta hai.

Kilichomuuma mwandishi ni kwamba siku hiyo hakuwa na pupa hata kidogo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ndoo kwa saa tatu nzima, akimzoesha mgeni wake maji mapya tone kwa tone, kama alivyoshauriwa na kila aliyemuuliza. Uvumilivu wenyewe ndio uliomuua samaki. Miaka mingi baadaye bado anaulizwa na wanaoanza ufugaji huu kwa nini samaki wao wanakufa siku ya kwanza au ya pili, na mara nyingi jibu linapatikana katika saa ile moja ya kufungua mfuko.

Hadithi inaanzia mwaka 2014, aliponunua tangi la kioo la lita 500. Aliliweka sebuleni, katika nyumba ya chini kabisa ya jengo, kwa sababu maji peke yake yana uzito wa nusu tani kabla ya kuhesabu mawe, mchanga na kioo. Kwa tangi la kangaja hata ukubwa huo si wa kujivunia. Huyu ni samaki anayefikia sentimita 20 na ushee, na kwao huogelea mwambani kutwa nzima bila kukutana na ukuta. Chumvi aliyotumia si ya mezani. Ni mchanganyiko maalumu wenye magnesi, kalisi, potasi na madini mengine yanayopatikana baharini, unaokorogwa katika maji yaliyochujwa mpaka klorini ya mfereji ikatoka yote. Kiasi ni gramu 35 hivi kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha bahari yenyewe. Kwa tangi zima ni kama kilo 17 na nusu. Baada ya hapo alisubiri wiki sita bila kuweka samaki hata mmoja, ili bakteria wazaliane mchangani na kwenye mawe, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Subira hiyo haikumshinda.

Samaki wa kwanza alimnunua katika duka moja la mjini. Aliuacha mfuko uelee juu ya maji ya tangi kwa robo saa ili joto lilingane, kisha akaufungua na kumwachia samaki aingie. Samaki alionekana mzima. Alizunguka mawe, akajificha, akatoka. Siku ya pili alikataa chakula, ya tatu akakutwa amekufa nyuma ya chujio, bila jeraha wala doa. Mwandishi alidhani ni ugonjwa. Ukweli aliujua pale alipoazima kipimachumvi, kile kibomba kidogo cha kuchungulia mkononi, na kurudi dukani nacho. Maji ya duka yalikuwa na gramu 25 za chumvi kwa lita. Yake yalikuwa na 35.

Maduka mengi hupunguza chumvi makusudi, kwa kuwa vimelea vingi haviyapendi maji mepesi, na pia chumvi ni ghali. Hakuna ubaya katika hilo iwapo mnunuzi ataambiwa. Tatizo ni mwili wa samaki wenyewe. Damu yake ina chumvi kiasi cha theluthi tu ya ile ya maji ya bahari, hivyo muda wote maji ya mwilini mwake yanavutwa nje kupitia matamvua. Ili kufidia, samaki wa baharini hunywa maji ya bahari mchana na usiku, na chembe maalumu katika matamvua hutoa chumvi iliyozidi. Ni kazi inayokula nguvu. Ukimtoa kwenye gramu 25 ukamtumbukiza ghafla kwenye 35, chembe hizo hazipati nafasi ya kujiandaa, na mwili unaanza kukauka. Samaki anakufa kwa kiu akiwa majini, na kwa sababu hafi palepale, mfugaji analaumu kitu kingine. Kumshusha kutoka maji mazito kwenda mepesi humsumbua kidogo tu. Kumpandisha ndiko kunakohitaji siku kadhaa, gramu moja au mbili kwa siku.

Ndiyo maana kangaja alipoletwa, mwandishi aliapa kutorudia kosa. Alimhamishia samaki kwenye ndoo pamoja na maji yote ya mfuko. Alichukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, akaupiga fundo ili maji yapite kwa shida, akavuta maji kutoka kwenye tangi na kuyaacha yadondoke ndooni matone mawili matatu kwa sekunde. Haraka haina baraka, wahenga walishasema, naye aliamini kwamba katika jambo hili methali ilikuwa imekamilika.

Jioni alimpigia simu mjomba wake aliyekuwa Kilifi. Mjomba alivua samaki wa mapambo kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wamefika?"

"Wawili wazima. Kangaja amekufa."

Mjomba alinyamaza kidogo. "Mfuko uliufungua saa ngapi?"

"Saa moja."

"Na samaki ukamtia kwenye maji yako saa ngapi?"

"Sikumtia. Nilikuwa namwongezea matone, mpaka saa nne akalala ubavu."

"Basi ulimwacha ndani ya mkojo wake, ukaufungulia hewa. Mfuko uliotoka mbali ukishaufungua, samaki mtoe, mwanangu. Mtoe hapo hapo."

Mjomba alisema mkojo. Wanaosoma maumbile ya samaki watasema kwamba amonia nyingi hutoka kupitia matamvua. Lakini alichokisema ni sahihi kabisa, na kimejengwa juu ya kemia ambayo kila mfugaji anapaswa kuielewa. Samaki aliyefungiwa mfukoni anapumua, na kila anapopumua anatoa hewa ukaa. Hewa hiyo haina pa kwenda. Inayeyuka majini na kuyafanya yaelekee kwenye asidi: pH ya bahari ni kama 8.2, lakini ndani ya mfuko baada ya saa nyingi inaweza kushuka hadi 7 au chini yake. Wakati huohuo amonia inazidi kujaa. Hapo ndipo mfuko unamlinda samaki bila yeyote kukusudia, kwa maana katika maji yenye pH ya chini karibu amonia yote huwa katika umbo la amoniamu, lisilopenya matamvua kwa urahisi. Samaki anaweza kusafiri na amonia ambayo katika tangi la nyumbani ingemuua.

Fungua mfuko, na ulinzi huo unatoweka. Hewa ukaa inapaa, pH inapanda, na kila inapopanda kwa kiwango kimoja, sehemu ya amonia iliyo sumu inaongezeka takriban mara kumi. Matone ya mwandishi yalizidisha mambo, kwa sababu kila tone lilitoka kwenye tangi lenye pH ya 8.2. Kwa saa tatu alikuwa akiiamsha sumu iliyolala, taratibu, kwa mkono wake mwenyewe. Wale wadogo wawili walipona kwa kuwa ni samaki wagumu, na katika mifuko yao taka ilikuwa kidogo.

Kulikuwa na kosa jingine, na hilo mwandishi alilificha kwa muda kabla ya kumwambia mtu. Yeye ndiye aliyemharakisha mjomba. Kwa desturi mjomba hawezi kusafirisha samaki aliyevuliwa leo. Humweka kwenye tangi lake siku mbili au tatu bila chakula, mpaka tumbo liwe tupu, ndipo amfungashe. Samaki mwenye tumbo tupu huchafua maji kidogo mno njiani. Lakini mwandishi alikuwa amesisitiza apelekewe samaki kabla ya Jumamosi, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kuliona tangi. Kangaja alivuliwa asubuhi, akafungashwa saa kumi jioni tumbo likiwa limejaa mwani, akapanda matatu kwenda Mombasa, kisha basi la usiku. Mfuko ulipofunguliwa alikuwa na saa kumi na tano ndani yake. Palipohitaji subira alitia haraka, na palipohitaji haraka akatia subira.

Baada ya msiba huo alisafiri kwenda Kilifi kuona kazi inavyofanywa kuanzia mwanzo. Pwani ya Kenya imekuwa ikipeleka samaki wa mapambo Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa, lakini Wakenya wengi wa bara hawajui kama biashara hiyo ipo. Wavuvi wanafanya kazi nje ya hifadhi za bahari. Malindi na Watamu, kwa mfano, zimelindwa tangu mwaka 1968 na hakuna anayeruhusiwa kuvua ndani yake. Wawili wanazamia na wavu mfupi, wanauzungushia kichwa cha mwamba, wanamswaga samaki polepole mpaka aingie, kisha wanamchota kwa wavu wa mkono. Kumpandisha juu nako kuna namna yake. Samaki ana kibofu cha hewa tumboni, na akivutwa kutoka chini kwa kasi, hewa hiyo inatanuka na kumbana viungo vya ndani. Mjomba alikuwa akipanda naye hatua kwa hatua, akisimama njiani kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Kwenye kufungasha, mwandishi aliona mambo ambayo hakuna duka lililowahi kumweleza. Maji ni theluthi ya mfuko, theluthi mbili ni oksijeni kutoka kwenye mtungi. Mifuko inavalishwa miwili, mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu kangaja ana mwiba mkali kama wembe kwenye shina la mkia na anaweza kuupasua. Gazeti linawekwa kati ya mfuko na mfuko ili samaki wasionane. Kasha linafungwa liwe giza, kwani samaki aliye gizani hutulia, na aliyetulia hupumua kidogo. Kila hatua inalenga jambo moja: kuyachelewesha maji yasiharibike kabla ya mfuko kufunguliwa.

Tangu hapo taratibu zake zilibadilika. Sasa kazi kubwa anaifanya kabla samaki hajafika. Anampigia muuzaji na kuuliza chumvi ya maji ya samaki, kwa namba, asikubali jibu la "ni ya kawaida tu". Kisha analitayarisha tangi dogo la lita 60 lililoko jikoni, lenye chujio, hita na vipande vya mabomba ya plastiki vya kujifichia, na kulilinganisha na namba hiyo. Samaki akitoka Kilifi moja kwa moja, namba ni 35. Akitoka duka la mjini inaweza kuwa 25 au 28. Mfuko unaelea dakika kumi na tano hadi ishirini, taa zikiwa zimezimwa. Baada ya hapo unafunguliwa, samaki anachotwa kwa chombo kidogo, anatiwa tangini papo hapo, na maji ya mfuko yanamwagwa nje. Hayaingii kwenye tangi hata kikombe. Tangi lile dogo ndilo litakalopandishwa chumvi kwa siku kadhaa, samaki akiwa katika maji safi.

Matone hayajapoteza kazi yake. Samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili, aliyekaa mfukoni nusu saa, hajachafua maji kiasi cha kudhuru, na kwake dakika 45 za matone hazina hatari. Kamba, konokono na kiti cha pweza wanahitaji zaidi ya hapo. Miili yao haina uwezo wa kujirekebishia chumvi kama samaki. Chumvi ya nje ndiyo chumvi ya ndani, kwa hiyo tofauti ndogo tu huwashtua. Kiti cha pweza aliyeharakishwa huanza kuoza mikono baada ya siku chache. Mwandishi analiona kosa la wauzaji wengi kuwa hapa: wanatoa maagizo mamoja kwa viumbe wote na kwa safari zote, ilhali swali la kwanza ni huyu ametoka wapi na amekaa mfukoni saa ngapi.

Suala la joto nalo lina mambo yake Nairobi. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai sebule isiyo na moto inaweza kuwa nyuzi 17. Bahari ya Kilifi hushuka hadi nyuzi 25 wakati wa kusi na kupanda kwenye 29 hivi kaskazi inapokwisha, ila mabadiliko hayo huchukua miezi. Viumbe wa mwambani wameumbwa kwa mwendo huo. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto la nyuzi chache tu kupita kawaida kwa majuma kadhaa, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilipauka na kufa. Anayejua hilo hataona ajabu samaki akitetemeka baada ya kasha kuachwa sakafuni usiku wa baridi. Umeme ukikatika, mwandishi hulifunika tangi kwa blanketi na kuwasha pampu ya hewa ya betri. Hakuna siku anayopokea samaki bila betri hiyo kuwa imejaa.

Shida ya kuhamisha viumbe wa bahari si mpya. Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alibeba matumbawe ndani ya mtungi kutoka Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, hadi London. Maji ya bahari yalikuwa adimu mjini, basi kijakazi wake alipewa kazi ya kuyamimina kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa, siku baada ya siku. Matumbawe yaliishi, tena yakazaliana. Bibi huyo hakuwa na pampu wala kipimo cha pH, lakini alitambua kwamba maji ndiyo yanayofugwa kwanza.

Kangaja wa pili alifika vizuri, akaingia tangi kubwa siku ileile. Huo ukawa msiba mkubwa kuliko wote. Siku ya sita alionekana na madoa meupe mfano wa chembe za chumvi. Ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, nao kangaja wa buluu wanajulikana kwa kushambuliwa nacho upesi. Kimelea hukaa kwenye ngozi siku chache, kinaanguka, kinajifunga kama yai mchangani, halafu kinapasuka na kutoa mamia ya watoto wanaotafuta samaki wa kushika. Madoa yalipotoweka mwandishi alishukuru, kumbe wadudu walikuwa wanazaliana chini. Yaliporudi yalirudi kwa kila samaki. Kati ya saba walibaki wawili, mmoja wao akitoka kwa wale wadogo wa anemoni waliokuja na basi la kwanza. Dawa ya shaba inaua kimelea hicho, lakini inaua pia kamba, konokono na matumbawe, kwa hiyo haiwezi kutiwa kwenye tangi kuu. Ilibidi wawili hao wahamishwe kutibiwa kando, na tangi la lita 500 likae bila samaki siku 76 mpaka vimelea vyote vikose wa kumshika.

Siku 76 ni nyingi kwa mtu anayerudi kutoka kazini akakuta maji matupu yanazunguka. Ndipo lile tangi la jikoni lilipopata maana yake kamili. Kila mgeni sasa hukaa humo wiki nne hadi sita, hata aonekane mzima namna gani. Humo anafundishwa kula: kwa kangaja ni mwani mkavu mwembamba kama karatasi, unaobanwa kwa kibanio kwenye kioo. Asiyekula hahami.

Kuhamia tangi kubwa ndiyo hatua ya mwisho, na hapo maji si tatizo tena. Tatizo ni wenyeji. Samaki aliyekaa muda mrefu huhesabu kila pango kuwa lake, na kangaja ni wakali sana kwa wanaofanana nao. Mwandishi huzima taa, hupangua mawe machache ili mipaka ya zamani ivurugike, kisha humweka mgeni nyuma ya kizuizi cha plastiki chenye matundu kwa siku nne au tano. Wanaonana, wananusana, wanachokana. Kizuizi kikitolewa kuna kukimbizana kwa saa moja, halafu kila mmoja anapata kona yake.

Kangaja wa tatu alipokelewa kwa taratibu hizo zote mwaka 2016. Mjomba alimshindisha njaa siku mbili kabla ya safari, akaandika namba ya chumvi juu ya mfuniko. Aliishi miaka saba.

Msomaji anayetamani kuanza ufugaji huu anaombwa asinunue samaki wiki hii. Anunue kwanza kipimachumvi, aende nacho dukani, apime maji ya samaki anayemtaka mbele ya muuzaji. Muuzaji akikataa, atafute duka jingine.